Ofisini, barabarani au mahakamani: kikundi cha shinikizo kipite mlango upi?

Kila kikundi kinachoanza kuidai serikali jambo hufika kwenye ugomvi uleule. Upande mmoja wa meza wapo wanaosema tuandike waraka, tuombe miadi na waziri, tuzungumze na wajumbe wa kamati. Upande wa pili wapo wanaosema barua zimeandikwa miaka yote, sasa tutoke. Na pembeni yupo mmoja, mara nyingi amesomea sheria, anayengoja wenzake wachoke ili aseme: twendeni mahakamani. Nimekaa katika vikao vya namna hiyo mara nyingi, na nimeona vikundi vyenye hoja nzuri vikivunjikia hapo kabla serikali haijasikia hata neno lao moja.

Ugomvi huo hauishi kwa sababu watu hubishania tabia zao: nani jasiri, nani mwoga, nani ameshanunuliwa. Liko swali jingine lenye jibu. Serikali hii inahitaji kitu gani ambacho sisi tunacho? Kikundi kikishalijibu kwa ukweli, kazi ya kuchagua mlango huwa nusu imekwisha.

Kwa kikundi cha shinikizo nakusudia watu waliojipanga kubadili uamuzi wa serikali bila wao wenyewe kugombea kuishika. Chama cha wafanyakazi kimo, umoja wa wenye viwanda umo, jumuiya ya wakulima, shirika la haki za watoto na chama cha madaktari vimo. Neno "shinikizo" lina sura ya ukali, lakini waraka wa kurasa kumi unaopenya kwenye rasimu ya kanuni ni shinikizo kama yalivyo maandamano, na mara nyingi ndio unaofika mbali zaidi.

Mkono mtupu haulambwi

Serikali iliyochaguliwa huishi kwa vitu vichache. Inahitaji kura. Inahitaji maarifa ya mambo ambayo watumishi wake hawayajui vizuri. Inahitaji kazi za watu fulani, wale ambao wakiweka zana chini nchi husimama. Inahitaji kuonekana halali mbele ya wananchi na mbele ya mahakama. Na wanasiasa, kila mahali, wanahitaji pesa za kampeni. Nguvu ya kikundi hupimwa kwa kile kinachokishika kati ya hivyo, na kwa uwezo wake wa kukitoa au kukinyima.

Hapo ndipo inapoanza dhuluma ambayo anayejiunga na kikundi lazima aielewe mapema. Chukua ushuru unaopandisha bei ya bidhaa moja kwa kiasi kidogo. Wenye viwanda kumi wanaonufaika wana kila sababu ya kuajiri mtu wa kukaa karibu na wizara mwaka mzima. Walaji milioni moja wanaoumia, kila mmoja hupoteza kidogo tu, na hakuna anayeona sababu ya kupoteza siku nzima ya kazi kwa ajili ya hasara hiyo. Wachache wenye faida kubwa hujipanga kwa wepesi, na wengi wenye hasara ndogo hubaki wametawanyika. Wingi wa watu peke yake si nguvu mpaka upate mtu wa kuukusanya.

Mfano unaoniuma kila ninapoukumbuka ni wa Uingereza. Mwaka 1787 watu 12 walikutana London wakaunda chama cha kupinga biashara ya watumwa. Walikusanya ushahidi bandarini, wakasambaza maombi ya wananchi hadi Bunge likapokea mamia yake katika mwaka mmoja wa 1792, na watu majumbani wakasusia sukari iliyolimwa na watumwa. Biashara hiyo ilipigwa marufuku mwaka 1807, na sheria ya kukomesha utumwa wenyewe katika makoloni mengi ya Uingereza ikapita mwaka 1833. Ni ushindi mkubwa wa watu wa kawaida. Lakini soma ndani ya sheria hiyohiyo ya 1833: pauni milioni 20 zilitengwa kuwafidia wamiliki wa watumwa, na waliokuwa watumwa hawakupewa chochote. Wenye mashamba nao walikuwa kikundi cha shinikizo, na walikuwa wamekaa karibu na kalamu. Wapinzani wa utumwa waliandika kichwa cha sheria, wenye mashamba wakaandika vifungu vya pesa.

Ofisini

Nguvu ya ofisi ni wakati. Muswada unapochapishwa, mambo mengi yameshaamuliwa. Maneno yake yalichaguliwa miezi kadhaa nyuma na maofisa wachache waliokuwa wakitafuta mtu wa kuwaeleza namna jambo linavyofanyika hasa. Aliyekuwepo siku hiyo akiwa na takwimu safi na rasimu iliyoandikwa vizuri ana ushawishi kuliko atakayepiga kelele siku ya kura. Na sheria ikishapita zinakuja kanuni, ambazo hazijadiliwi kwa kishindo bungeni. Humo ndimo viwango, tarehe za kuanza, misamaha na adhabu huwekwa. Vikundi vingi vya wananchi hushangilia sheria na kwenda nyumbani. Vikundi vya wafanyabiashara hubaki kungoja kanuni.

Wanaopita mlango huu vizuri huwa na subira ya ajabu. Shirika la kupambana na uvutaji sigara nchini Uingereza, ASH, lilianzishwa mwaka 1971 na Chuo cha Kifalme cha Madaktari. Halikuwa na umati wala pesa za kulingana na kampuni za tumbaku. Lilikuwa na ushahidi wa kitabibu na jina la kuaminika, na lilijenga urafiki na wabunge wa vyama vyote. Marufuku ya kuvuta sigara katika maeneo ya ndani ya kazi na ya umma ilianza England tarehe 1 Julai 2007. Hesabu mwenyewe: miaka 36. Ukiwa na watu wanaokufa sasa hivi, miaka 36 ni jibu la kutisha. Lakini ukitaka mabadiliko ambayo serikali ijayo haitayafuta, huu ndio mwendo wake, kwa sababu watumishi, wataalamu na vyama pinzani wote wanakuwa wameshakubali kabla ya kura kupigwa.

Gharama ya ofisi haionekani kwenye daftari la mhasibu. Ukishaketi ndani unaanza kuhesabu maneno. Unaambiwa jambo kwa siri, na siri hiyo inakufunga mdomo mbele ya wanachama wako. Unajifunza kuomba kile kinachowezekana, halafu taratibu unasahau ulichokuja kuomba. Nimeona watu waadilifu kabisa wakibadilika hivyo bila kupokea hata senti. Waliogopa tu kuupoteza mwaliko unaofuata.

Na ipo hatari nyingine: mlango huu hauna madirisha. Wahenga walisema penye udhia penyeza rupia, na ofisini ndipo rupia hupenya kwa urahisi. Mwaka 1997 chama cha Labour kiliingia madarakani Uingereza kikiwa kimeahidi kupiga marufuku matangazo ya tumbaku. Miezi michache baadaye serikali ikapendekeza mbio za magari za Formula One zisamehewe. Kisha ikajulikana kwamba Bernie Ecclestone, mkuu wa mbio hizo, alikuwa amekipa chama hicho pauni milioni moja kabla ya uchaguzi. Serikali ilikana kwamba mchango ule ulihusika, na pesa zikarudishwa. Hata tukiuamini ukanusho huo wote, jeraha lilibaki, kwa sababu mwananchi hakuwa na namna ya kujua mazungumzo yalikuwaje.

Ndiyo maana nchi kadhaa zimeweka sajili za washawishi, yaani watu wanaolipwa kuwashawishi viongozi wa serikali. Canada ina sheria hiyo tangu 1989, Marekani iliimarisha ya kwake mwaka 1995, na Umoja wa Ulaya ulianzisha daftari la pamoja la uwazi mwaka 2011. Daftari halizuii pesa. Washawishi waliosajiliwa katika serikali kuu ya Marekani walitangaza matumizi ya zaidi ya dola bilioni 4 kwa mwaka 2023 pekee. Lakini daftari linamwezesha mwandishi wa habari kujua nani alimwona nani kabla ya kifungu kubadilika. Katika suala la tumbaku dunia ilikwenda mbali zaidi. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika mwaka 2005 unazitaka nchi wanachama, katika kifungu cha 5.3, zilinde sera zao za afya dhidi ya masilahi ya sekta hiyo. Naona hilo ni sawa kabisa. Zipo sauti ambazo haki yake ni kusikilizwa hadharani tu, si kuketi mezani pale sheria inapoandikwa.

Kwa hiyo ofisi inafaa lini? Pale jambo lenu ni la kitaalamu, haligusi nafasi ya mtawala mwenyewe, na mnalijua kuliko wizara inavyolijua. Kikundi cha wazazi wa watoto wenye ugonjwa adimu, kwa mfano, hakina kura za kutisha mtu. Kina ujuzi wa kila siku ambao hakuna ofisa aliye nao. Kiende ofisini, tena mapema.

Barabarani

Maandamano hupimwa vibaya. Watu huhesabu vichwa. Tarehe 15 Februari 2003 London ilijaa watu waliopinga vita vya Iraki. Hata makadirio ya chini yalizungumzia mamia ya maelfu, na miji mingi duniani iliandamana siku hiyohiyo. Tarehe 20 Machi vita vilianza. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, na hapo ng'ombe alikuwa na sababu za kutojali: chama kikuu cha upinzani bungeni nacho kiliunga mkono vita, hivyo mpiga kura mwenye hasira hakuwa na chama kikubwa cha kuhamia. Umati ulionyesha hisia, ukarudi nyumbani jioni, na kesho yake serikali haikuwa imepungukiwa na kitu.

Weka kando yake wakulima wa India. Bunge lilipitisha sheria tatu za kilimo Septemba 2020. Mwishoni mwa Novemba wakulima, wengi wao kutoka Punjab na Haryana, walipiga kambi kwenye barabara kuu za kuingia Delhi. Walikuja na matrekta, magodoro na majiko. Walikaa baridi ya kwanza, wakakaa joto, wakakaa mvua, na kambi zililishwa kwa zamu kutoka vijijini. Dai lao kuu lilikuwa moja, zifutwe zote tatu, na vyama vyao vya wakulima vilikuwa na viongozi wanaojulikana waliokaa duru baada ya duru ya mazungumzo bila kulilegeza. Tarehe 19 Novemba 2021 waziri mkuu alitangaza kwamba sheria zitafutwa, na kabla ya mwezi kwisha Bunge likazifuta. Uchaguzi wa majimbo ya Punjab na Uttar Pradesh ulikuwa miezi michache mbele. Ukitazama kwa makini, barabara ile ilibeba vitu vitatu ambavyo London haikuvibeba: uwezo wa kukaa, dai linalojibika kwa ndiyo au hapana, na kura iliyokuwa ikikaribia.

Kenya mwaka 2024 inatufundisha kitu kingine. Vijana walitoka kuupinga muswada wa fedha, wakijipanga kupitia mitandao bila kiongozi wala ofisi. Wakati wao ulikuwa sahihi mno, kwa kuwa muswada haukuwa umetiwa saini. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge, watu wakapigwa risasi na kuuawa, na tarehe 26 rais akatangaza kwamba hatausaini. Kutokuwa na kiongozi kuliwalinda, maana hapakuwa na mtu mmoja wa kumkamata au kumnunua. Lakini jambo hilohilo lilimaanisha kwamba baada ya ushindi hapakuwa na mtu wa kukaa na hazina na kuangalia kila kifungu. Kabla ya mwaka huo kwisha, baadhi ya mapendekezo ya kodi yalirudi kupitia sheria nyingine.

Ninachokiona katika mifano hii ni kwamba barabara ina kipaji cha kuzuia. Inajua kusema hapana kwa sauti ambayo ofisi haiwezi kuifikia. Kujenga, yaani kuandika mbadala, kupanga bajeti, kuchagua neno hili badala ya lile, haijui. Na bei yake hulipwa kwa miili ya watu. Kiongozi anayewaita wengine barabarani bila kuwa na mawakili, watu wa huduma ya kwanza na mpango wa kuwarudisha nyumbani salama anacheza na roho ambazo si zake. Hilo nalisema bila kulilainisha.

Jambo moja, vikundi viwili

Ulinganisho bora kuliko yote historia imeshatufanyia. Wanawake wa Uingereza waliodai haki ya kupiga kura walikuwa na majeshi mawili. Umoja wa kitaifa ulioongozwa na Millicent Fawcett, ulioundwa mwaka 1897, ulikusanya saini, ukahojiana na wabunge, ukafungua matawi nchi nzima. Mwaka 1903 Emmeline Pankhurst na wenzake wakaanzisha umoja mwingine wenye kaulimbiu ya vitendo badala ya maneno. Hawa walivunja vioo, wakachoma majengo matupu, wakafungwa, wakagoma kula gerezani na kulishwa kwa nguvu. Mwaka 1913 serikali ilitunga sheria maalumu ya kuwaachia waliodhoofika kwa njaa na kuwakamata tena wakishapata nafuu.

Wanahistoria hawajakubaliana mpaka leo ni upande upi ulioleta ushindi. Mwaka 1918, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimebadilisha kila kitu, wanawake wenye umri wa miaka 30 na zaidi waliotimiza sharti la mali walipata kura, na mwaka 1928 wakawekwa sawa na wanaume. Kwa maoni yangu, kundi la pili lilifanya suala lisiweze kupuuzwa, na kundi la kwanza lilimpa waziri mtu wa kuzungumza naye bila kuonekana amesalimu amri. Pande hizo mbili hazikupendana, na Fawcett aliona vurugu zinaharibu kazi. Lakini mwanasiasa anayebanwa huhitaji kuona hasara ya kukataa na pia njia ya heshima ya kukubali. Ni vigumu kikundi kimoja kumpa vyote viwili.

Kwa hiyo, kama katika harakati zenu kuna wenye hasira na wenye subira, msilazimishane kuwa kitu kimoja. Gawaneni kazi, kila upande uwe na jina lake na viongozi wake, na mkubaliane jambo moja tu: hakuna atakayemlaani mwenzake hadharani.

Mahakamani

Mlango wa tatu ni wa wale ambao hawana kura wala umati, na wakati mwingine hawatakuwa navyo kamwe: wafungwa, wageni, kabila dogo, watoto. Demokrasia huhesabu wengi. Mahakama, ikiwa huru, huuliza katiba imesema nini hata kama wengi hawapendi. Hiyo ndiyo thamani yake yote.

Kinachohitajika ni kifungu cha sheria kinachoeleweka, mlalamikaji ambaye hatatishwa wala kuchoka, na pesa za kufika hadi rufaa ya mwisho. Nchini Uholanzi shirika la Urgenda, pamoja na wananchi 886, liliishtaki serikali kwa uzembe katika suala la mabadiliko ya tabianchi. Mahakama Kuu ya nchi hiyo, ya juu kabisa, ilitoa uamuzi wa mwisho Desemba 2019 kwamba serikali ilipaswa kupunguza hewa chafu kwa angalau asilimia 25 kufikia mwisho wa 2020, ikilinganishwa na 1990. Hakuna maandamano ambayo yangeweza kupata tarakimu iliyo wazi namna hiyo.

Udhaifu wa mahakama ni kwamba haina mikono. Tanzania, mwaka 2016, Rebeca Gyumi alishinda kesi dhidi ya vifungu vya Sheria ya Ndoa vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18. Mahakama Kuu ilitoa mwaka mmoja wa kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikamthibitishia ushindi. Lakini mwaka uliotolewa ulishapita, na kalamu ya kubadilisha sheria ilibaki mikononi mwa Bunge, kwenye mlango ule wa kwanza. Marekani nayo ilipitia hayo. Chama cha NAACP, kinachotetea haki za Wamarekani weusi, kilishinda kesi ya ubaguzi mashuleni mwaka 1954 kupitia wakili Thurgood Marshall, lakini miaka kumi baadaye, katika majimbo ya Kusini, watoto weusi waliokuwa wakisoma na weupe walikuwa bado wachache mno.

Sasa angalia kilichotokea pale milango ilipotumika pamoja. Wakazi weusi wa Montgomery, Alabama, walisusia mabasi kwa siku 381, kuanzia Desemba 1955. Wengi hukumbuka ususiaji huo tu. Kilichofunga jambo ni kesi iliyofunguliwa huku watu wakiendelea kutembea kwa miguu, na Mahakama ya Juu ikakubali Novemba 1956 kwamba ubaguzi ndani ya mabasi unavunja katiba. Miguu ilishikilia, mawakili wakaandika.

Afrika Kusini kuna kikundi ninachokiheshimu kuliko vyote katika makala hii, nacho ni Treatment Action Campaign, kilichoanzishwa tarehe 10 Desemba 1998. Serikali ilikuwa imeifungia dawa ya nevirapine, ya kuzuia mama kumwambukiza mtoto virusi vya UKIMWI, katika vituo vichache vya majaribio. Kikundi kiliandamana. Kikaenda mahakamani. Lakini kabla ya yote kiliwafundisha wanachama wake, wengi wakiwa watu maskini wanaoishi na virusi, dawa inafanyaje kazi mwilini, ili mama asimame mbele ya daktari au jaji na kueleza mwenyewe. Mahakama ya Katiba iliamua Julai 2002 kwamba dawa itolewe katika hospitali na zahanati za umma. Kulikuwa na maelfu ya watu wanaoielewa hukumu ile na wanaojua kituo gani kinapaswa kuwa na dawa. Hukumu ikapata mikono.

Wakati kikundi kinaposhinda kupita kiasi

Siwezi kuacha upande huu, maana wanaoandika kuhusu vikundi vya shinikizo huwapenda wale wanaokubaliana nao. Ligi ya kupinga vilabu vya pombe nchini Marekani ilikuwa fundi wa jambo moja. Iliwapima wagombea kwa swali la pombe peke yake, ikawaangusha waliokataa, wawe chama chochote. Mwaka 1919 katiba ya Marekani ikarekebishwa kupiga marufuku biashara ya pombe. Mwaka 1933 marekebisho hayo yakafutwa, baada ya miaka ya magendo na majambazi kutajirika. Kikundi kilikuwa kimepata kura za wabunge kuliko kilivyopata ridhaa ya wananchi, na pengo hilo lilirudi kukidai.

Kipimo ninachokitumia mimi ni chepesi. Je, waraka wetu tuliompa waziri ukichapishwa gazetini kesho, tutaona haya? Na je, wale watakaoumia tukishinda wamepata nafasi ya kusema? Mwaka 2006 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilibatilisha sheria, si kwa kosa la maudhui yake, bali kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo zilipokuwa zikipitishwa. Kikundi kinachodai kushirikishwa hakiwezi kufurahia pale mpinzani wake anapofungiwa nje.

Kuchagua

Kama muswada uko siku chache kabla ya kura na mnataka uzuiwe, ofisi imeshachelewa na mahakama haitawahi. Barabara au simu za wapiga kura kwa wabunge wao ndizo zilizobaki, na dai liwe moja. Kama mnataka kitu kipya kiwepo, mfumo, bajeti au wakala, anzeni ofisini, hata kama moyo unachemka. Kama mnaomba kinga dhidi ya wengi, tafuteni mwanasheria kabla ya kutafuta kipaza sauti, kwa sababu umati unaweza kuwaamshia umati mkubwa zaidi. Na kama mnapambana na sekta yenye pesa kuwashinda, msikubali mkutano wowote wa siri. Gizani wao ndio wenyeji.

Kwa kikundi kidogo kisicho na chochote, ningeshauri mwendo wa MKSS, jumuiya ya vibarua na wakulima wa Rajasthan, India, iliyoundwa mwaka 1990. Walianza na swali dogo kabisa: mbona ujira wetu umepunjwa? Wakaomba kuona vitabu vya malipo. Kuanzia mwaka 1994 wakafanya mikutano ya hadhara vijijini, wakasoma kwa sauti orodha za waliolipwa, na wanakijiji wakasikia majina ya watu waliokwisha kufa na ya miradi ambayo haikuwahi kujengwa. Mwaka 1996 wakaketi siku 40 katika mji wa Beawar wakidai haki ya kupata nakala za hati. Hapo ndipo wanahabari, wanasheria na maofisa wastaafu walipojiunga nao kuandaa rasimu, na mwaka 2005 India ikapata sheria ya taifa ya haki ya kupata taarifa. Walichokishika mkononi tangu mwanzo kilikuwa karatasi ya malipo, na kila mlango walioufikia walibisha nayo.

Siku waziri atakapowaita ndani, na ataita mkifanya kazi vizuri, pelekeni watu watatu, asiende mmoja. Mmoja ajue sheria, mmoja awe ameumizwa na jambo lenyewe, mmoja aandike kila kinachosemwa. Jioni hiyohiyo wasome yaliyoandikwa mbele ya wanachama wote waliobaki nje wakingoja.